UTAFITI WA PAMOJA WA NCHI JIRANI NA MKULIMA WA MHOGO

Hotuba ya Mshauri wa Kilimo wa Chama Kikuu, iliyosomwa katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama, siku moja kabla ya Mkutano Mkuu wa mwaka



Katibu aliponiarifu kwamba nitapewa nusu saa ya kusema katika sherehe hii, nilimwuliza, "Niseme juu ya nini?" Akanijibu, "Sema juu ya jambo ulijualo." Jibu hilo ni la heshima, nami namshukuru, lakini mtu aliyefikia umri wangu hugundua kwamba mambo ayajuayo kwa hakika ni machache. Mimi najua mhogo, na najua magonjwa yake. Kwa hiyo nitasema juu ya mhogo.

Hata hivyo sikuja kuwafundisha kulima. Kesho, katika Mkutano Mkuu, mtaletewa shauri la Halmashauri, nalo ni hili: Chama kitenge ekari 6, tatu ziwe shamba la vipando safi, na tatu ziwe za majaribio, ambamo mihogo ya kwetu itapandwa mstari kwa mstari na mihogo iliyotoka nchi jirani, na gharama yake itokane na shilingi mbili katika kila kilo ya makopa tunayouza. Matokeo ya majaribio hayo hayatafungwa kabatini mwetu. Watapewa wataalamu wetu, na wao watawapa wenzao wa Kenya, Uganda na kwingineko. Nimesikia baadhi yenu wakisema, wala sikuwalaumu, "Kwa nini shilingi zetu zitafute elimu itakayomfaa jirani?" Swali hilo ni la haki. Nami naomba nilijibu kwa kuwasimulia safari ya mbegu moja iliyoanzia katika milima ile tunayoiona tukisimama mlangoni mwa ghala letu.

Kila mtu hapa anaijua Amani. Wengi wenu mmepanda gari kwenda kule, na wengine babu zao walifanya kazi kule. Wadachi walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea Amani mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kituo kikadorora, kisha Waingereza wakakifufua katika miaka ya mwisho ya 1920, na tangu hapo hakikuwa cha Tanganyika peke yake. Kilikuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima, kikihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja kwa pamoja. Basi fahamuni kwamba tangu mwanzo mlima ule ulikuwa wetu kwa ardhi tu. Kwa kazi, ulikuwa wa watu wengi.

Sasa kuna jambo ambalo pengine hamkupata kuambiwa. Batobato, ugonjwa unaoyageuza majani ya mhogo kuwa na mabaka ya manjano na kuyakunja kama sikio la mbuzi, uliandikwa kitabuni kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na mahali ulipoonekana ni hapa hapa Usambara. Mtaalamu mmoja wa Kidachi, Warburg, ndiye aliyeuandika. Hakujua unaletwa na nini. Ilipita zaidi ya miaka 40 hata ikathibitishwa kwamba unabebwa na wale nzi weupe wadogo wakaao chini ya majani, ambao ukiutikisa mhogo huruka kama unga uliopeperushwa. Kazi hiyo ilifanywa Amani na mtaalamu aitwaye H. H. Storey pamoja na mwenzake R. F. W. Nichols. Storey huyo huyo, mwaka 1936, ndiye aliyeueleza ugonjwa wa pili, tunaouita michirizi ya kahawia.

Naomba nikae kidogo katika ugonjwa huu wa pili, kwa kuwa ndio unaotutesa leo. Batobato ni adui mwenye uso. Ukipita njiani unamwona. Michirizi ya kahawia ni adui mnafiki. Majani hupata umanjano kidogo kando ya mishipa, tena majani ya chini ambayo mkulima hayatazami. Shina changa hupata mistari ya kahawia. Na mara nyingi mti husimama vizuri, mrefu, wa kupendeza. Unasubiri mwaka mzima. Siku ya kuvuna unang'oa, unakata, na ndani ya mhogo unakuta kuoza kukavu kwa rangi ya kahawia, kugumu kama kizibo cha chupa. Huwezi kuula, huwezi kuuza, na mwaka umekwisha.

Kwa nini nasema "unaotutesa"? Wanachama wa zamani wanakumbuka mwaka wa tatu wa Chama hiki. Tulisikia sifa za mhogo fulani uliokuwa ukizaa sana katika mkoa mwingine, tukakodi lori, tukaleta vipando, tukagawa kwa vyama vya msingi vinne. Hatukuuliza vimekaguliwa na nani. Mimi mwenyewe niliviona vikishushwa, nikakata kimoja kwa kisu, nikaona utomvu mzuri, nikasema, "Haya, gaweni." Aibu hiyo ni yangu, siyo ya Halmashauri. Mwaka uliofuata, mama mmoja mwanachama aliniita shambani kwake, akang'oa mashina 11 mbele yangu bila ya kusema neno, akayapanga chini, akayapasua moja moja. Katika mashina hayo 11, mihogo mizima iliyofaa kupikwa ilijaa sufuria moja tu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi nikamlishe nani?" Yeye alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mitatu hivi, lakini siku ile niliona kweli mimi ni mtoto.

Sasa turudi Amani. Storey na Nichols walipoona kwamba hakuna dawa ya kunyunyizia itakayoponya mhogo uliokwisha ugua, walitafuta mhogo usioweza kuugua. Waliukusanya mhogo wa kila namna, kutoka sehemu mbali mbali za dunia, wakaona uliokuwa bora haukutosha. Ndipo wakaugeukia mti ambao ninyi nyote mnaujua, nao mmeuacha ukue mipakani kama kitu kisicho na maana: ule mti wa mpira ulioletwa na Wadachi kabla ya vita, waliotarajia kutajirika nao, mpaka bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 wakauacha. Mti ule ni ndugu wa mhogo. Hauna mizizi ya kuliwa, lakini magonjwa haya hayaupati kwa urahisi.

Kazi ya kuozesha mti na mhogo ni ya subira, na naieleza kwa sababu watu hudhani mbegu bora hutoka katika mashine. Ua la kike la mhogo hufunguka kabla ya ua la kiume la kishada hicho hicho. Mfanyakazi hulifunika ua la kike kwa kifuko kabla halijafunguka, ili mdudu asilitangulie. Siku yake ikifika hulifunua, hulipaka chavua la mti mwingine kwa mkono, hulifunika tena, hulifunga kitambulisho. Akifanikiwa, hupata tunda lenye mbegu tatu. Tatu tu. Na tunda hilo likikauka hupasuka na kutupa mbegu mbali, kwa hiyo asipolifunga vyema kazi yote imepotea majanini. Uzao wa kwanza ulikuwa chotara uliofanana na mti, wenye mizizi myembamba ya nyuzi. Ukaozeshwa tena na mhogo; na uzao wake tena na mhogo; na wa tatu tena. Baada ya kurudia hivyo mara tatu ndipo ilipopatikana mihogo yenye mizizi ya kuliwa na bado yenye nguvu ya ule mti. Kazi hii ilianza mwaka 1937 na kuendelea hata mwaka 1957, mtaalamu wa mwisho kuiongoza akiwa D. L. Jennings. Miaka ishirini! Na mikono iliyofunga vile vifuko, mabwana na mabibi, yamkini mingi ilikuwa ya watu wa vijiji hivi. Majina yao si rahisi kuyaona katika maandishi ya wakati ule, na hilo ni deni.

Mwaka 1948, chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, utafiti wa kilimo ulipangwa upya, na makao yakahamishiwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Watu wa huku walinung'unika, kama mjuavyo watu hunung'unika wanyang'anywapo kitu. Lakini Muguga ilifanya kazi ya wote vile vile. Wafugaji walioko hapa nitawatajia jambo moja tu. Chanjo iliyotumika kuifuta sotoka, ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilipatikana Muguga kwa kazi ya Walter Plowright na wenzake kiasi cha mwaka 1960. Na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa. Kijana mfugaji wa leo hajui sotoka ilikuwaje. Kutojua kwake ndiyo faida yenyewe.

Mbegu za Amani, je, zilikwenda wapi? Nyingine zilibaki pwani. Kuna mhogo mmoja, ambao katika madaftari ya Amani uliandikwa 46106/27. Watu wa pwani ya Kenya wakaupanda wakauita Kaleso. Huku kwetu Tanzania umo mhogo uitwao Namikonga, unaosifiwa na wataalamu kwa kuistahimili michirizi ya kahawia. Kwa miaka mingi huku wakisema Namikonga, huko wakisema Kaleso, kila upande ukiuona wake. Wataalamu walipoilinganisha mimea hiyo kwa vipimo vya kisasa vya urithi wakakuta ni mmoja. Ndugu wawili waliolelewa nyumba mbili, wakaja kukutana wakiwa watu wazima.

Mbegu nyingine zilisafiri mbali zaidi. Katika miaka ya 1950 zilipelekwa Ibadan, Nigeria. Kutokana nazo Wanigeria wakachagua mhogo uliopewa namba 58308. Mwaka 1967 palianzishwa Ibadan taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, na wataalamu wake, wakitaka mhogo wenye nguvu dhidi ya batobato, wakautumia ule 58308 kuwa mzazi. Katika miaka ya 1970 wakatoa mihogo mingi, mmoja wao ukiwa TMS 30572. Sitawachosha kwa namba nyingine. Ishikeni hii moja tu.

Na huku kwetu? Mwaka 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba, na vituo vya utafiti vya pamoja vikawa chini yake: kilimo na misitu Muguga, mifugo Muguga, samaki wa maji baridi Jinja, samaki wa bahari Unguja, malale Tororo, malaria Amani, virusi Entebbe. Mimi niliajiriwa mwaka 1973, nikiwa kijana wa miaka 20, msaidizi katika kituo kimoja cha upande wa pili wa mpaka. Tulikula meza moja, Mganda, Mkenya na Mtanzania, tukitaniana kwa Kiswahili cha kila namna. Tulikuwa na jaribio la misimu mitano lililopandwa katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na mwaka ule ule Jumuiya ikavunjika. Nilirudi nyumbani na sanduku moja. Mashamba ya majaribio yalikuwa huku. Madaftari yenye kueleza mstari upi ni mbegu ipi yalikuwa huko. Msimu wa tano ulikuwa haujavunwa. Niliandika barua nne. Mpaka ulipofunguliwa tena, Novemba 1983, nilikwenda mwenyewe, nikaonyeshwa chumba chenye karatasi zilizoliwa na mchwa. Mashamba ya huku nayo yalikuwa yamekwisha kuwa kichaka. Misimu minne ya kazi ya watu wengi ikawa kama haikupata kuwako, si kwa sababu ya ukame wala ugonjwa.

Naomba radhi kwa kutaja habari zangu. Nimezitaja kwa sababu wengi husema kuvunjika kwa Jumuiya kulikuwa jambo la wakubwa: reli, ndege, na fedha za benki. Kumbe hasara nyingine iliingia shambani kwa mkulima kimya kimya, wala hakuna aliyemwarifu.

Mwisho wa miaka ya 1980, katika sehemu za kati za Uganda, ulitokea batobato wa namna nyingine, mkali kuliko ule wa zamani. Baadaye, mwaka 1997, wataalamu walieleza kwamba virusi vyake vilitokana na kuchanganyika kwa aina mbili za virusi ndani ya mhogo mmoja. Ugonjwa huo ulisogea kiasi cha kilometa 20 hadi 30 kila mwaka, kama mtu atembeaye kwa miguu bila ya haraka. Mashamba ya Mashariki na Kaskazini ya Uganda yakafa, watu wakaacha kulima mhogo, njaa ikaingia. Katikati ya miaka ya 1990 ukawa umefika Kenya Magharibi; kabla ya miaka hiyo kwisha, ukawa umeingia Kagera. Haukusimama Busia kugongewa mhuri. Haukusimama Mutukula.

Waganda waliokolewa na nini? Mihogo iliyotoka Ibadan. Waliipokea, wakaijaribu, wakaitoa kwa wakulima katika miaka ya 1990, na mmoja uliopendwa sana ukaitwa Nase 3, wengine wakiuita Migyera. Huo Nase 3 ni TMS 30572, ile namba niliyowaomba muishike. Basi tazameni: nguvu ya mti wa mpira wa Usambara iliingizwa katika mhogo Amani, ikavuka kwenda Nigeria, ikakaa huko miaka zaidi ya 30, ikarudi Uganda kuokoa watu, na kutoka Uganda ikavuka Kenya Magharibi na kanda yetu ya Ziwa. Kama watu wa Amani wangalisema mwaka 1957, "Mbegu zetu zisitoke, zisimfae jirani," sisi wenyewe tungalikosa mahali pa kuziomba zilipohitajika. Maana wakati ule, huku kwetu, kazi ya Amani ilikuwa imekwisha lala.

Na zilipovuka mpaka, hazikuvuka ovyo. Mahali paitwapo Alupe, karibu na Busia upande wa Kenya, palifanywa shamba la karantini. Vipando vilivyotoka Uganda vilipandwa hapo kwanza chini ya macho ya wakaguzi, na vilivyoonekana vigonjwa viling'olewa kabla ya kugawiwa. Linganisheni na lori letu la mwaka wa tatu.

Sitaki mdhani kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Mihogo hiyo ya Ibadan ilichaguliwa kwa kushindana na batobato. Michirizi ya kahawia haikuwako Afrika Magharibi, kwa hiyo hakuna aliyeipima kwa ugonjwa huo. Zamani wataalamu waliamini kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa pwani na wa nchi za chini tu. Tangu mwaka 2004 ukaonekana Uganda katika nchi za juu, ukawapiga wakulima wale wale waliokuwa wamepumua. Watu wa pwani walikuwa wameujua ugonjwa huo miaka mingi. Ujuzi ulikuwako, ila kati ya aliyejua na aliyehitaji kujua hapakuwa tena na meza moja.

Jambo jingine lazima niliseme, hata kama wageni wetu wataalamu hawatalifurahia. Mara nyingi mihogo iliyochaguliwa kwa nguvu zake ilikataliwa na akina mama kwa sababu haipikiki, au haitwangiki, au ni michungu. Wenye kupika hawakuulizwa mapema. Ndiyo maana katika shauri la kesho imeandikwa kwamba katika kamati ya shamba la majaribio wajumbe wasiopungua nusu wawe wanawake, na kila mhogo upikwe na kuonjwa kabla ya kuandikiwa alama yoyote. Kifungu hicho nilikitia mimi, nami sitakiondoa.

Siku hizi meza inatengenezwa upya. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Novemba 1999 na kuanza kufanya kazi Julai 2000. Nchi wanachama sasa ni 8. Iko Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki, makao yake Kigali. Kwa upande wa kilimo, uko umoja wa utafiti ulioanzishwa mwaka 1994, makao yake Entebbe. Majina haya ni makubwa, na mkulima ana haki ya kuuliza yanamletea nini. Mimi huyapima kwa kitu kimoja: je, vipando vinavuka mpaka vikiwa safi, na daftari linavuka pamoja navyo?

Mfano mmoja ulionifurahisha ni huu. Kuanzia mwaka 2012 hivi, nchi tano, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji, zilikubaliana kila moja itoe mihogo yake bora, ile ambayo mtu angependa kuificha, iwekwe katika chungu kimoja. Ikasafishwa virusi kwa kuoteshwa ndani ya chupa, mingine Uingereza na mingine katika kituo cha karantini cha Kenya kilichoko, mtakumbuka jina hili, Muguga. Kisha kila nchi ikapelekewa mihogo ya wenzake wote ikajaribu katika ardhi yake. Aliyetoa mihogo kiasi cha mitano alirudishiwa zaidi ya kumi. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Lakini majaribio ya namna hiyo hufanywa vituoni, mahali pachache. Nchi yetu ina udongo wa kila aina, na mhogo unaostahimili Kibaha si lazima ustahimili bonde letu. Wataalamu wetu wanahitaji mashamba mengi ya wakulima wenyewe, yenye watu wanaoandika kwa uaminifu. Ekari zetu tatu zitakuwa moja ya mashamba hayo. Kama mhogo fulani wa Msumbiji utaoza hapa, mkulima wa Kwale mwenye udongo kama wetu atakuwa ameokoa mwaka wake. Na kama mwingine utaoza Kwale, sisi tutakuwa tumeokoa wetu.

Kuandika kwa uaminifu, nasema, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo kuliko katika zile shilingi mbili. Mtu akikuta michirizi katika shamba lake huona haya, au huogopa kwamba hatauza vipando vyake. Hukata mihogo iliyooza akaizika usiku. Nawafahamu waliofanya hivyo, nao wananifahamu kwamba nawafahamu. Kwa hiyo shauri la kesho lina kifungu cha tano, ambacho naomba Katibu akisome polepole: mwanachama atakayeleta habari ya ugonjwa shambani mwake atapewa vipando safi bure kutoka shamba la Chama, kadiri ya mashina atakayong'oa. Kifungu hicho kitatugharimu kuliko vingine vyote. Mweka Hazina amenionyesha hesabu yake, na uso wake haukuwa wa furaha. Hata hivyo bila ya hicho madaftari yetu yatakuwa ya uongo, na jirani akiletewa daftari la uongo ni heri asiletewe kitu.

Yule mama aliyenipasulia mashina 11 yuko hapa leo, ameketi safu ya tatu. Nilikwenda kwake wiki iliyopita kumwomba aingie katika kamati ya shamba. Aliniuliza kama safari hii vipando vimekaguliwa. Nikamwonyesha karatasi ya mkaguzi. Akaigeuza pande zote mbili, akamwita mjukuu wake aisome mara mbili, kisha akasema atakuja, lakini atakuja na kisu chake.

Ekari zenyewe zimekwisha pimwa, ziko nyuma ya ghala, upande wa mto. Ikiwa Mkutano utakubali kesho, tutaanza kulima Jumatatu, ili tuwahi mvua za vuli. Atakayetaka kuona ramani, ninayo hapa.